Wala Shaba Wasioonekana: Kwa Nini Mto wa Kijani Usitutulize

Kila mara maji ya kiwanda yanapovunja kingo za bwawa na kuingia mtoni hapa Lubumbashi, maswali huwa yaleyale tena kwa mpangilio uleule. Samaki wamekufa? Maji yamebadilika rangi? Visima vya jirani vikoje? Wiki chache zikipita, samaki wadogo wanaonekana tena, mawe yanashika ukoga wa kijani, na mjadala unazikwa. Mimi nasema ukoga huo ndio tulipaswa kuanza nao, na kwamba kurudi kwake si habari njema kama tunavyodhani. Huenda ni dalili kwamba mto umepona. Huenda pia ni dalili kwamba wamebaki wale tu walioweza kuizoea sumu, na sasa wanaibeba kuileta mezani kwetu. Ukiwa umesimama ukingoni huwezi kutofautisha hali hizo mbili kwa macho.

Tusijifanye kwamba jambo hili ni la kinadharia. Novemba 2025 maji kutoka bwawa la kiwanda kimoja yalifurika mitaa ya komuni (wilaya ya mji) ya Annexe, hadi waziri wa madini akasimamisha shughuli za kiwanda hicho. Miezi tisa kabla, Februari 2025, ndugu zetu wa upande wa pili wa mpaka walipata yao: bwawa la mabaki ya mgodi lilipasuka karibu na Chambishi, maji ya tindikali yakaingia kijito cha Mwambashi na kufika mto Kafue, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Katika visa vyote viwili watu walizungumza juu ya samaki, mahindi, mabomba na fidia. Ni sawa, lakini hizo ni ngazi za juu za jengo. Msingi hatukuugusa.

Msingi wenyewe ni viumbe wa seli moja moja: mwani wa kijani, diatomu wanaojijengea magamba ya silika, na sianobakteria, ambao ni bakteria lakini wanajipikia chakula kwa mwanga wa jua kama majani. Wote wanaishi kwa usanisinuru. Duniani kote, viumbe wadogo wa majini wanafanya karibu nusu ya usanisinuru wote unaofanyika kwenye sayari hii. Misitu, nyasi na mashamba yetu yote yanagawana nusu iliyobaki. Katika mto Lubumbashi, katika Kafubu unaoupokea, au katika ziwa Tshangalele kule upande wa Likasi, wao ndio chakula cha kwanza. Konokono huwakwangua juu ya mawe, mabuu ya wadudu huwachuja majini, na tilapia huwala moja kwa moja pamoja na tope. Kinachowapata wao kinawapata wengine wote, ila kwa kuchelewa.

Sasa tuje kwenye metali nzito, na hapa inabidi kwanza niwakatize wale wanaosema shaba ni sumu, basi. Shaba ni riziki kabla ya kuwa sumu. Ndani ya seli ya mwani kuna protini iitwayo plastosianini, inayobeba elektroni katikati ya mtambo wa usanisinuru, na moyo wake ni chembe moja ya shaba. Zinki imo ndani ya kimeng'enya kinachosaidia seli kutumia kaboni iliyoyeyuka majini. Kobalti, hii yetu ambayo Kongo inaitoa zaidi ya asilimia 70 ya ile inayochimbwa duniani, ndiyo kitovu cha vitamini B12, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya aina za mwani zilizochunguzwa haziwezi kukua bila vitamini hiyo. Huipata kwa bakteria wanaoishi nao. Mwani mmoja mashuhuri wa maabara, Chlamydomonas, ukikosa shaba hubadilisha mtambo: unaweka kando plastosianini na kutumia protini nyingine yenye chuma. Kuna hata diatomu wa baharini, Thalassiosira weissflogii, ambaye pale zinki inapoadimika hutumia kadimi badala yake. Kadimi hiyohiyo inayoharibu figo za binadamu! Maumbile hayana orodha ya metali njema na metali mbaya. Yana kiasi na mahali.

Tatizo la Katanga, eneo letu hili la migodi, ni kwamba kiasi kilishavuka mpaka zamani. Kampuni ya madini ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la kwanza likayeyusha shaba kando ya mto ambao jina lake ndilo la mji. Terili, kile kilima cheusi kando ya bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ni mabaki ya tanuru hilo na yale yaliyofuata. Leo kilima kinachimbwa tena kwa ajili ya kobalti na zinki zilizobaki ndani yake. Wakati huo wote mvua imekuwa ikinyesha juu yake na juu ya vumbi la mji mzima, kati ya Novemba na Aprili, kila mwaka.

Shaba ikizidi ndani ya seli ya mwani, vurugu huanza katika sehemu kadhaa kwa pamoja. Klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, imejengwa kuzunguka chembe ya magnesi. Shaba inaweza kuing'oa magnesi na kukaa yenyewe, na klorofili hiyo yenye shaba haifanyi kazi tena ipasavyo. Shaba huvuruga pia hatua ya kwanza ya usanisinuru, pale maji yanapopasuliwa na oksijeni kutoka. Zaidi ya hapo, ioni ya shaba, yaani chembe yake yenye chaji ya umeme, hupokea elektroni na kuitoa, tena na tena, na katika mchezo huo huzalisha aina kali za oksijeni zinazounguza mafuta ya utando wa seli. Kwa hiyo mwanga wenyewe, ambao ndio maisha ya mwani, unageuka kuwa sehemu ya adhabu. Kobalti huingia kwa milango ya chuma na magnesi, ikazuia utengenezaji wa klorofili. Zebaki na kadimi hung'ang'ania salfa iliyomo katika protini, na protini zikapoteza umbo. Aseniki ina ujanja wake: umbo lake moja linafanana mno na fosfeti, hivyo seli huifungulia mlango yenyewe ikidhani ni mbolea.

Haya si mambo ya kugunduliwa jana. Mwaka 1904 wataalamu wawili wa wizara ya kilimo ya Marekani walichapisha njia ya kuua mwani katika mabwawa ya maji ya miji kwa kutumia salfeti ya shaba, na dawa hiyo inatumika hadi leo. Sasa fikiri kidogo kuhusu viwanda vyetu. Mawe yenye shaba na kobalti husagwa, yakamwagiwa tindikali ya salfuriki, na shaba ikayeyuka. Kimiminika cha buluu kinachopatikana ni nini? Ni salfeti ya shaba ndani ya maji ya tindikali. Bwawa la namna hiyo likifurika hadi mtoni, tunaumwagia mto kitu kilekile ambacho wengine hukipima kwa gramu na kukitumia kwa makusudi kama kiua mwani. Tofauti ni kwamba wao wanajua kipimo walichoweka.

Hapo ndipo namba za maabara zinapotudanganya, au niseme tunapojidanganya nazo. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Kwa tumbo la mtu mzima kikomo hicho kina maana yake. Lakini aina nyingi za mwani wa maji baridi huanza kudumaa kwenye mikrogramu makumi chache tu kwa lita, yaani mara makumi chini ya hapo. Maji yanaweza kufaulu mtihani wa glasi huku yakiwa yameshaua msingi wa mto. Msemaji wa kiwanda akisimama mbele ya redio na kusema shaba iko chini ya kiwango cha maji ya kunywa, huenda hasemi uongo hata kidogo. Amejibu tu swali ambalo mto haukuuliza.

Kuna jambo gumu zaidi kuliko kiasi, nalo ni sura ya metali yenyewe. Mwani hausumbuliwi na shaba yote iliyomo majini. Unasumbuliwa hasa na ioni huru, ile isiyofungwa na kitu kingine. Shaba iliyoshikwa na mabaki ya majani yaliyooza, na udongo au na sabuni haipenyi kwa urahisi ndani ya seli. Maji magumu yenye kalisi nyingi hupunguza makali, kwa sababu kalisi inagombania milango ileile. Ndiyo maana chupa mbili zenye shaba sawasawa, moja ya kijito safi cha miombo na nyingine ya mfereji wa komuni ya Katuba, zinaweza kuleta matokeo tofauti kabisa juu ya mwani uleule.

Na hili la mfereji linanikera. Mito ya mji wetu haipokei metali peke yake. Inapokea pia maji ya vyoo, maji ya kufulia na taka za masoko. Uchafu huo una fosfeti na naitrojeni, ambavyo ni mbolea ya mwani, na una vitu vya asili vinavyofunga shaba. Fosfeti ikiwa nyingi, hata aseniki hupungua makali kwa mwani, maana mlango mmoja unagombaniwa na wengi. Matokeo yake ni maji ya kijani yaliyonona yakipita juu ya tope lenye metali. Mpita njia anaona uhai. Mimi naona uchafu mmoja ukiuficha mwingine. Siku tutakayofanikiwa kusafisha maji taka ya mji, jambo ambalo naliombea kila kukicha, huenda makali ya shaba yakajitokeza upya kwa sababu yatakuwa yamevuliwa pazia.

Chokaa nayo ina hadithi yake. Baada ya ajali ya Kafue serikali ya Zambia ilimwaga chokaa mtoni, nyingine kwa ndege. Ni hatua ya haki ya dharura: chokaa hupunguza ukali wa tindikali, na metali nyingi hugeuka kuwa chembe ngumu na kuzama. Lakini kuzama si kutoweka. Zimehama kutoka kwenye maji kwenda kwenye tope, na juu ya tope hilo wanaishi diatomu, na tope hilo ndilo tilapia anapoinamia kula. Tindikali ikirudi, sehemu ya metali hizo inayeyuka tena.

Sasa tuje kwa wale wanaosalia. Usidhani kwamba sumu ikizidi kila kitu kinakufa. Kule Hispania kuna mto uitwao Río Tinto, maji mekundu, pH karibu 2 (namba ikishuka chini ya 7, tindikali inazidi), metali tele, na uchimbaji wa maelfu ya miaka. Mwaka 2002 watafiti waliochunguza vinasaba walikuta humo jamii kubwa ya viumbe wadogo ambao seli zao zina kiini, mwani ukiwamo, kuliko walivyotarajia. Katika maji ya tindikali ya migodi duniani kote hukutwa Euglena mutabilis, akitandaza zulia la kijani mahali ambapo samaki hawezi kukaa. Sianobakteria ndio hushindwa mapema. Chini ya pH 4 huwapati kwa kawaida. Kijani kipo, ila jamii imebadilika na aina zimepungua.

Wanasalimikaje? Baadhi hujifunika ute unaonata, na metali hunasa humo kabla ya kufika ndani. Wengine wana pampu kwenye utando zinazotema ioni nje. Wengine hutengeneza fitokelatini, nyuzi fupi zenye salfa zilizoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1985 katika mimea na baadaye zikakutwa katika mwani. Nyuzi hizo huikamata kadimi na kuifungia. Sianobakteria Synechococcus ana protini yake ya kukamata zinki, pamoja na protini nyingine inayokaa juu ya jeni la protini hiyo kama kufuli na kuachia tu zinki inapozidi. Wapo pia wanaozifungia metali ndani ya punje za fosfeti. Tazama vizuri orodha hiyo. Ukiondoa pampu, njia zilizobaki zote ni za kuweka ghalani. Mwani uliozoea sumu haukuikataa. Umeihifadhi mahali isipoudhuru wenyewe. Ni sawa na mtu aliyefungia sumu ya panya kabatini: yeye analala vizuri, lakini anayemeza kabati zima hasalimiki.

Kwa hiyo ulimbikizaji na sumu ni mambo mawili yasiyokwenda sambamba. Seli dhaifu hufa ikiwa na metali kidogo. Seli shujaa huishi ikiwa na metali nyingi, na ndiyo inayoliwa. Tena kushika metali hakuhitaji hata uhai. Ukiweka mwani ndani ya maji yenye shaba, sehemu kubwa inanata juu ya ukuta wa seli ndani ya dakika chache tu, kwa kemia tupu, kisha nyingine inaingia polepole ndani kwa muda mrefu zaidi. Mwani uliokufa unafanya ile hatua ya kwanza vizuri tu. Katika gramu moja ya mwani mkavu kunaweza kuwa na metali mara maelfu, pengine makumi ya maelfu, ya ile iliyomo katika gramu moja ya maji yaliyouzunguka.

Hapa inafaa kuwa waangalifu, kwa sababu watu wengi wamesoma kuhusu Minamata kule Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki uliotambuliwa rasmi mwaka 1956, wakachukua hadithi ya zebaki na kuivalisha kila metali. Methilizebaki, umbo la zebaki linalokaa mwilini mwa viumbe, kweli hupanda ngazi: mwani, kidudu, samaki mdogo, samaki mkubwa, mtu, na kila ngazi inaongeza. Hata huko, mruko mkubwa kuliko yote ni ule wa kwanza, kutoka maji kwenda kwenye mwani. Wenzetu wa Kivu wanaoosha dhahabu kwa zebaki wana sababu ya kuiogopa ngazi hiyo hadi juu. Shaba na kobalti za Katanga kwa kawaida haziendi hivyo. Viumbe wa juu wana uwezo wa kuidhibiti shaba, na kiasi mara nyingi hupungua kadiri unavyopanda. Ukipima mnofu wa kambale mkubwa unaweza kukuta shaba ya kawaida kabisa na ukatangaza kwamba ziwa liko salama. Wakati huohuo metali imo ndani ya utumbo, ini na matamvua, na imo kwa wingi zaidi katika wale wa chini: mwani wenyewe, konokono, samaki wadogo.

Na sisi samaki wadogo tunawalaje? Mzima mzima, kakaushwa, kichwa na matumbo humohumo, juu ya bukari, yaani ugali. Tumbo la samaki mdogo mla mwani limejaa mwani. Hatua zote za katikati ambazo zingepunguza shaba, jikoni kwetu zimerukwa. Ndiyo maana nasema upimaji wa minofu peke yake ni upimaji wa mezani kwa wenye nacho, wanaotupa matumbo.

Ushahidi kwamba metali zimetufikia haukosekani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti, aseniki, kadimi, risasi na urani zaidi ya wengine, na kobalti hiyo ilielezwa kuwa ya juu kuliko iliyowahi kuripotiwa katika watu wa kawaida popote. Vumbi lina sehemu kubwa katika habari hiyo, sikatai, na watoto wanaocheza chini huwa wa kwanza kulipa. Mwaka uliofuata watafiti wa hapahapa walichapisha uchunguzi wa mnyororo wa chakula katika Lufira ya juu, kule ambako maji ya viwanda vya Likasi hupitia mto Panda hadi Lufira na kuishia Tshangalele. Ziwa hilo lilitokana na bwawa la umeme la Mwadingusha la mwaka 1930, na vijiji vizima vya wavuvi vinalitegemea. Mji wetu wenye chuo kikuu hauna udhuru wa kusema haukujua kwamba mnyororo unaanzia majini.

Ajabu ni kwamba Katanga ndiyo iliyopaswa kuwa ya kwanza duniani kuelewa lugha hii. Wahenga wa Basanga na Bayeke waliochimba na kuyeyusha shaba waliitwa wala shaba. Vilima vyetu vya shaba vina mimea yake: Haumaniastrum katangense, ua dogo la zambarau la jamii ya mnanaa, huota kwenye udongo wenye shaba ambao mimea mingine inaukimbia. Watafuta madini walilifuata, na wanaakiolojia wakalitumia kugundua mahali tanuru za kale zilipokuwa. Mmea ulikuwa unasoma udongo kabla ya mashine. Kinachowezekana kwenye kilima kinawezekana mtoni. Mwaka 1988 mtaalamu wa ikolojia wa Sweden, Hans Blanck na wenzake, walipendekeza njia rahisi kwa wazo: chukua jamii ya mwani wa mahali fulani, ipe dozi ya metali, uone inastahimili kiasi gani, kisha ulinganishe na jamii ya juu ya mto. Ikiwa mwani wa chini unavumilia shaba ambayo ule wa juu hauwezi, basi shaba imepita pale, ikakaa muda wa kutosha kuwaondoa wanyonge. Hata kama siku unayochota maji chupa inasoma safi. Kiwanda kinaweza kuchelewesha kufungua bomba mpaka mkaguzi aondoke. Hakiwezi kuubadilisha mwani usiku mmoja.

Nijibu sasa wazo linalopendwa kwenye semina za hoteli: tutumie mwani kusafisha maji ya migodi. Kikemia wazo ni zuri. Seli zinanata metali, ni rahisi kuzikuza, na ukiziosha kwa tindikali metali inaachia na unaweza hata kuiuza. Lakini mwani uliobeba kadimi na aseniki ni taka ya sumu kama taka nyingine yoyote, ila hii inaelea. Bwawa la mwani lililofunikwa, likavunwa kwa ratiba na mavuno yakachomwa au kuoshwa mahali palipofungwa, hilo naliunga mkono. Bwawa la wazi kando ya Kafubu linalosubiri mvua ya Januari ni kuifungasha sumu vizuri na kumpelekea samaki. Hoja hiyohiyo wanapaswa kuisikia wanaotaka kukuza spirulina, sianobakteria anayeliwa, kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo. Akina mama wa Kikanembu kule ziwa Chad wameikausha na kuila kwa vizazi, na ni chakula bora. Ila sifa ya kunata haichagui, na beseni la spirulina likijazwa maji ya kisima cha jirani na kiwanda litampa mtoto protini pamoja na vingine.

Ninachokidai ni kidogo kuliko hayo, na hakihitaji mfadhili wa kigeni. Kuna jaribio la mwani linalokubalika kimataifa: unaweka mwani ndani ya maji unayoyashuku, kwenye mwanga, kwa saa 72, unahesabu seli na kulinganisha na zile zilizowekwa kwenye maji safi. Aina inayotumika zaidi, Raphidocelis subcapitata, ilitolewa mto Nitelva nchini Norwe mwaka 1959, na vizazi vyake vinakuzwa maabara duniani kote. Vifaa vyake ni chupa, taa, darubini na kile kioo cha kuhesabia seli za damu ambacho kila maabara ya hospitali inacho. Shida yetu ya kweli ni kupata saa 72 za mwanga mfululizo katika mji wa delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Paneli moja ya jua na betri vinaimaliza, na kama watengeneza simu wa sokoni wanaviweza, chuo kikuu kinaviweza.

Jaribio hilo lina mipaka yake. Halitakuambia kama mtoto wa komuni zetu za Kenya au Ruashi yuko salama. Risasi inaweza kuwa kidogo mno kuudumaza mwani na bado ikatosha kuharibu akili ya mtoto, kwa hiyo vipimo vya kemia na vya damu havina mbadala. Ila linajibu kile ambacho kemia peke yake haijibu: je, mchanganyiko huu, kama ulivyo, pamoja na chokaa yake, sabuni yake na tindikali yake, bado unaruhusu maisha kuanza?

Na maji yachotwe lini? Hapa ndipo upimaji mwingi unapoharibika. Chupa ikichotwa Februari, mto umejaa na kila kitu kimechujuka. Ichotwe Oktoba, mto ukiwa umekauka na maji ya viwandani yakiwa sehemu kubwa ya kinachotiririka, wakati uleule akina mama wanapomwagilia mboga ya lenga-lenga kwa ndoo kando ya Kafubu. Irudiwe baada ya mvua kubwa ya kwanza ya Novemba, inapoosha vumbi la miezi ya kiangazi kwa saa moja. Kila mara pawe na chupa ya juu ya mji na ya chini ya mji, na pamoja na chupa, jiwe lenye ukoga kutoka kila upande. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka mwenye haki ya kuchimba alipe madhara ya shughuli zake hata pasipo kosa kuthibitishwa, lakini mwathirika bado anatakiwa kuonyesha kwamba madhara yapo na yametoka wapi. Mawe mawili na darubini moja vinaweza kuonyesha sehemu ya hilo, mradi lile la juu ya mji liwe limechukuliwa na kuandikwa tarehe kabla bwawa linalofuata halijapasuka.